Ujumbe Uliokwama Kwenye Paipu

Filister aliacha kazi ya wodi kwa sababu ya mgongo. Baada ya miaka mingi ya kuinua wagonjwa, daktari alimwambia achague kati ya kuinua na kutembea, naye akachagua kutembea. Ndivyo alivyojikuta katika ofisi ya mradi wa afya wa ziwani, pale Homa Bay, akikaa kando ya printa na simu. Kazi yake ilikuwa kusoma ujumbe uliotoka visiwani na vijijini na kuamua nani asaidiwe kwanza.

Ujumbe ulikuja kwa redio, lakini si kwa sauti. Sauti ilimezwa na mikwaruzo kabla haijafika popote, kwa hiyo mwalimu mmoja wa hesabu aitwaye Ratemo alibuni njia nyingine. Wauguzi wa zahanati za Takawiri, Karungu na Kosele waliandika maneno yao kwenye kibodi ndogo, redio ikayatuma kama milio ya panzi, na kompyuta ya Homa Bay ikayageuza kuwa maandishi tena. Kompyuta hiyo ilitumia Linux. Ratemo aliipenda kwa sababu haikuwa na siri. Kila kilichokuwa ndani yake, mwenye kujua kusoma angeweza kukisoma. Aliandika programu mbili. Ya kwanza ilisikiliza redio. Ya pili ilichukua kilichosikika, ikakipiga chapa ya saa juu na mstari wa nukta chini, ikakipeleka kwa printa. Kati ya hizo mbili aliweka kitu alichokiita paipu yenye jina: programu moja inamimina maneno upande huu, nyingine inayapokea upande ule. Kisha akapata nafasi ya kusoma ng'ambo, akaenda zake, akaacha kila kitu kikifanya kazi.

Na kilifanya kazi kwelikweli. Mwaka wa tisini na nane, kipindupindu kilipozagaa kwenye fuo baada ya mvua za El Niño, printa ile haikuwa na nafasi ya kunyamaza. Filister alichana karatasi, akapiga simu Mbita, mashua ikatoka. Alichana nyingine, Land Rover ikaenda Kosele na dripu. Hakuna aliyelalamika kwamba ujumbe ulichelewa. Wengi walipona ambao wasingepona.

Mambo yalianza kuharibika ugonjwa ulipotulia. Ajabu ni kwamba kadiri kazi ilivyopungua, ndivyo ujumbe ulivyozidi kuchelewa. Siku za pilikapilika ulifika mara moja. Siku za utulivu printa ilikaa kimya nusu ya siku, kisha ikatapika karatasi ndefu yenye habari za zahanati zote kwa mkupuo. Waliilaumu redio. Wakabadilisha betri. Wakainua mlingoti. Wakaulaumu upepo wa ziwa, kwa kuwa upepo hauwezi kujitetea.

Halafu kukatokea habari ya Dorsila.

Dorsila alikuwa mke wa mvuvi wa kisiwa cha Takawiri, na uchungu ulimshika alfajiri mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Muuguzi wa pale, Sista Mourine, alituma ujumbe kuomba mashua. Mashua ilifika jua likielekea kuzama. Dorsila aliokolewa. Mtoto hakuokolewa.

Bwana Magige, mratibu wa mradi, hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa Mkuria wa Kehancha, mwenye sauti ya chini, aliyezoea kusema ukweli hata ukimuumiza mwenyewe. Ila karatasi ya siku ile ilikuwa na saa ya alasiri juu yake, naye aliiamini saa.

"Mourine anasema alituma alfajiri," alimwambia Filister. "Karatasi inasema alasiri."

"Karatasi inasema ilipochapwa, Bwana Magige."

"Kuna tofauti gani, mama? Redio haichukui siku nzima kuvuka ziwa."

Filister aliichukua karatasi, akaisoma tena. Alimjua Mourine tangu akiwa mwanafunzi wa uuguzi, msichana aliyekuwa akilala na viatu akiwa zamu. Lakini kumjua mtu si ushahidi, na kamati ilikuwa ikikutana mwisho wa mwezi kuamua kama Mourine aondolewe kisiwani.

Alichokuwa nacho Filister ni macho yake. Siku zilizofuata alizitazama karatasi kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa, bila haraka, akitafuta kilicho tofauti. Ndipo akaona jambo lililokuwa mbele yake muda wote. Karatasi moja iliishia hivi: *Tuna watoto wawili, naomba dripu na da*. Hapo ikakoma, mstari wa nukta ukafuata. Karatasi iliyofuata, iliyokuja baadaye sana, ilianza na *wa ya kuharisha*. Alitafuta nyingine. Zote zilikatika hivyo hivyo, katikati ya neno, na nusu iliyobaki ikaja na mkupuo uliofuata, bila herufi hata moja kupotea.

Dereva wa mradi, Nchagwa, ndiye aliyemtajia Idil. "Yuko msichana Migori, kwenye duka la matairi la Mzee Abdullah," alisema. "Kompyuta za shule yetu zilikuwa zimekufa. Alikuja akakaa nazo tu, akiziuliza maswali kama mtu anayezungumza na ng'ombe mgonjwa. Zikaamka."

Land Rover ilikuwa ikipeleka chanjo Migori. Filister akapanda na karatasi zake.

Duka lilikuwa karibu na daraja, matairi yamepangwa hadi dari, na nyuma ya matairi kulikuwa na chumba kilichojaa kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Idil alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga mtandio wa rangi ya zambarau. Alikuwa amesoma kompyuta Nairobi, akafanya kazi huko katika kampuni moja, kisha mama yake alipougua akarudi nyumbani kumuuguza na hakuondoka tena. Alimsikiliza Filister mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Filister, aliyefanya kazi na madaktari, alilitambua kuwa ni nadra.

Kisha Idil akazitandaza karatasi juu ya tairi la lori.

"Mama, hapa ni nani aliyekata?"

"Hakuna aliyekata. Zinatoka hivyo."

Idil aliisoma ya kwanza, akaisoma ya pili, akazisogeza pamoja mpaka *da* ikakutana na *wa*.

"Redio ikikosea, inaharibu herufi au inazipoteza," alisema hatimaye. "Haikuletei nusu ya neno leo, na nusu nzima baadaye. Hii si redio. Kuna mahali maneno yanajazwa. Mahali hapo pakijaa panamwagwa, na hapajali neno limefikia wapi."

"Kwa hiyo Sista Mourine hakuchelewa?"

"Sijui bado, mama. Nikisema najua kabla sijaiona, nitakuwa nakubembeleza tu." Akaanza kukunja karatasi kwa uangalifu. "Lakini aliyeliona hili la maneno kukatika amenimalizia nusu ya kazi."

Mzee Abdullah alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliuliza jambo moja tu, kama kuna mgonjwa katika habari hiyo. Filister akamwambia habari ya Dorsila. Mzee akamwambia Idil, bintiye, kwa Kiswahili, ili mgeni asikie, kwamba mama yake angeshinda na shangazi mpaka atakaporudi.

Kesho yake Idil alikuwa Homa Bay, ameketi mbele ya kompyuta ya Ratemo. Bwana Magige alisimama nyuma yake, mikono ameifunga kifuani. Alikuwa ameshaona mafundi wengi, na wote walianza kwa kufungua vitu kwa bisibisi. Huyu hakufungua kitu. Alimwomba Filister amwambie Mourine, kwa ujumbe wa redio wa kurudi kisiwani, aandike maneno mafupi na ayatume.

Punde taa ndogo ya kisanduku cha redio ikametameta. Wote wakageukia printa. Printa haikusema kitu.

"Umeona, Bwana Magige?" Idil aliuliza kwa upole. "Ziwa limeshavukwa. Ujumbe umo humu chumbani pamoja nasi. Ila hatuuoni."

Magige alikunjua mikono.

Idil akasimamisha programu zote mbili, akaiwasha upya ile ya kusikiliza kwa namna nyingine, safari hii akaielekeza itoe maneno kwenye kioo badala ya kuyamimina kwenye paipu. Mourine akaombwa atume tena. Taa ilipometa tu, maneno yakatokea kiooni: *Takawiri hapa. Mnanisikia ama mnanichezea?*

Filister alicheka mpaka mgongo ukamkumbusha. Idil hakucheka; alikuwa amesogea mbele, macho yake yanang'aa. Akafungua maandishi ya programu yenyewe, yale aliyoyaacha Ratemo, akaanza kuyasoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua ya ndugu.

"Aliyeandika hii ni mtu makini sana," alisema. "Tazameni, kila sehemu ameeleza kwa nini. Hapa ameandika, 'Herufi mbovu zisitupwe, mgonjwa anaweza kuwa ndani yake.'" Alisoma zaidi, kisha akagusa kioo kwa kidole. "Na hapa ndipo ilipo. Si kosa la uzembe. Ratemo alipokuwa akiijaribu programu hii, bila shaka aliijaribu kwenye kioo, kama tulivyofanya sasa. Linux inajua mtu yuko mbele ya kioo anangoja, kwa hiyo inampa mstari kwa mstari. Lakini programu ikimimina kwenye paipu, inadhani hakuna mtu anayengoja. Inakusanya kwanza. Ni kama mchuuzi wa omena asiyebeba samaki mmoja mmoja hadi sokoni. Anangoja debe lijae."

Magige alivuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wakati wa kipindupindu," alisema polepole, "debe lilikuwa linajaa kila mara."

"Ndiyo. Ndiyo maana hamkuona."

"Na siku ile ya Dorsila?"

"Ilikuwa siku ya kimya," Filister alijibu kabla ya Idil. Alikumbuka vizuri. Asubuhi nzima alikuwa amekaa pale akifuma sweta la mjukuu, akimshukuru Mungu kwamba hakuna shida yoyote ziwani. Na ujumbe wa Mourine ulikuwa ndani ya kompyuta ile ya rangi ya majivu, hatua chache kutoka gotini mwake, ukingoja wenzake waje wajaze debe. Filister alitazama nje dirishani.

Baada ya muda Idil alimwuliza kama aendelee.

"Endelea, nyathina," Filister alisema. "Endelea, mwanangu."

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja. Idil aliuandika, akaufuta, akauandika tena kwa namna fupi zaidi. Mstari huo uliiambia programu kwamba ujumbe ukikamilika, usukumwe papo hapo, debe liwe limejaa au halijajaa. Kisha akaiamuru kompyuta iijenge programu upya, nao wakanywa chai wakiisubiri, kwa kuwa haikuwa kompyuta ya kukimbizwa.

Alipoiwasha, kila kitu kilikwama.

Programu haikulalamika, haikuandika kosa lolote. Ilikaa tu. Mourine alituma ujumbe, taa ikameta, na hakuna kilichotokea. Akatuma mwingine. Kimya. Magige, aliyekuwa ameanza kutabasamu, aliacha. Filister aliona uso wake ukirudi kule kule kwa zamani, uso wa mtu aliyekwisha kuahidiwa mara nyingi.

Filister alikuwa ameona madaktari wakifikia hatua kama hiyo, mgonjwa anapofanya lisilotarajiwa. Wengine hukasirika. Wengine huanza kujaribu kila dawa iliyo kabatini. Idil aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akakaa. Alikaa kimya hivyo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaiuliza kompyuta swali moja, akataka kujua ni programu zipi zilizo hai na kila moja inafanya nini.

"Haijafa," alisema. "Imelala usingizi. Inangoja kitu." Akaiuliza jambo lingine kuhusu ile paipu. Kioo kikaleta mstari wenye herufi *p* mwanzoni. "Hiyo *p* inasema paipu ni nzima, hakuna aliyeifuta. Basi kama paipu ni nzima, na anayemimina yuko hai..." Akajipiga kofi dogo kwenye paji la uso, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Ni mimi. Nilipokuwa nikijaribu, nilimsimamisha yule wa printa. Sikumrudisha."

"Sijaelewa," Magige alisema.

"Paipu hii si pipa, Bwana Magige. Haiweki kitu mtu akija baadaye akichukue. Anayemimina akifungua upande wake, anasimamishwa pale pale mpaka anayepokea afungue upande wa pili. Hafi, halii, anasimama tu. Tazama."

Akaiwasha programu ya printa. Printa ilikohoa, ikavuta karatasi, na ujumbe wa Mourine ukaanza kutoka, wa kwanza, kisha wa pili. Filister alichana karatasi, akasoma kwa sauti: "*Takawiri hapa. Nina watu kwenye foleni. Mkimaliza mchezo wenu niambieni.*"

"Mwombe atume mmoja tu tena," Idil alisema, "na usimwambie kwa nini."

Mourine alituma. Taa ikameta. Kabla Filister hajageuza shingo kutoka kwenye taa kwenda kwa printa, karatasi ilikuwa ikitoka. *Takawiri hapa. Kwani leo mna nini?* Neno zima, sentensi nzima, saa ya kweli juu yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Magige alisimama, akaenda dirishani, akakaa huko akiangalia nyuma ya soko, ambapo hapakuwa na kitu cha kuangalia. Filister alimtazama Idil, ambaye tayari alikuwa ameshughulika na jambo jingine, akipanga kompyuta ikiwashwa imwamshe kwanza anayepokea ndipo imwamshe anayemimina, ili umeme ukikatika kusitokee mkwamo ule ule siku ambayo yeye hayupo. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Katika miaka yake yote ya wodi, Filister alikuwa amewaheshimu watu wa namna mbili: wanaojua ugonjwa, na wanaorudi kumtazama mgonjwa baada ya kupona. Waliokuwa vyote viwili walikuwa wachache.

"Weka jina lako humo ndani," Magige alisema aliporudi. "Watu wajue nani aliirekebisha."

Idil alifikiri. Akapanda juu kabisa ya maandishi ya programu, palipoandikwa jina la Ratemo, akaandika chini yake jina lake mwenyewe, na chini ya hilo akaandika: *Filister aliona maneno yakikatika.* Filister alitaka kupinga, kisha akausoma mstari ule tena.

Kamati haikuhitaji kungojewa. Wiki hiyo hiyo Magige alisema angekwenda Takawiri mwenyewe. Filister akamwambia jambo la namna hiyo lingeweza kusemwa kwa redio. "Hapana," Magige alijibu. "Nilimshuku mbele ya watu. Siwezi kumsafisha kwa karatasi."

Yeye na Filister walivuka kutoka Mbita asubuhi, ziwa likiwa shwari. Ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama walikuwa wamejaa kibarazani kwenye zahanati, na Mourine alikuwa katikati yao, sindano mkononi, hajavua uso wa kazi hata alipomwona mratibu. Aliwaonyesha benchi. Wakangoja kama watu wengine.

Zamu yao ilipofika Magige alisimama mbele ya akina mama wote. Alisema kwamba siku ya Dorsila Sista Mourine alituma ujumbe alfajiri, kwamba ujumbe ulifika Homa Bay alfajiri hiyo hiyo, na kwamba ulikwama ndani ya kompyuta yao wenyewe. Alisema hakumwamini, na kwamba alikosea. Aliongea Kiswahili chake cha Kehancha, taratibu, bila kupamba.

Mourine alimsikiliza mpaka mwisho. Mtoto aliyekuwa mapajani mwa mamaye alianza kujitupatupa kwa hofu ya sindano.

"Nimesikia, Bwana Magige," Mourine alisema. "Ahsante. Mshike huyu mguu, asinipige teke."

Magige akapiga magoti, akashika mguu.

Mchana Mourine alifunga mlango wa zahanati, akawaongoza kwenye njia ya ufuoni hadi nyumbani kwa Dorsila. "Si mimi peke yangu ninayestahili kuambiwa," alisema njiani, wala Magige hakubisha.

Walimkuta Dorsila akianika omena kwenye nyavu. Aliwapa viti, yeye mwenyewe akakaa chini. Magige alirudia yote, na safari hii ilimchukua muda mrefu zaidi. Dorsila hakulia. Alikuwa akichambua omena mkononi, akitoa vijiti na mchanga.

"Kwa hiyo niliitiwa msaada," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani sikuitiwa."

"Uliitiwa, nyaminwa, dada yangu," Filister alimwambia. "Kabla jua halijatoka."

Dorsila aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepanga kitu mahali pake. Kisha akauliza, "Na mwingine akishikwa leo?"

"Karatasi itatoka kabla Sista hajainuka kitini," Filister alisema. "Nimeiona kwa macho yangu."

"Ni nani aliyeitengeneza?"

Filister akamweleza habari za Idil: duka la matairi, mama mgonjwa, namna alivyokataa kusema anajua kabla hajaona, na jinsi mambo yalipokwama alivyoweka mikono mapajani akafikiri wakati wengine wote walikuwa wamekata tamaa. Alieleza kwa Dholuo, kwa urefu, akifurahia kila neno, na Dorsila akasikiliza mikono yake ikiwa imetulia juu ya nyavu.

"Huyo ni mtu," Dorsila alisema.

Akainuka, akatafuta mfuko safi, akaanza kuujaza omena zilizokauka vizuri, akichagua. Alipomaliza aliufunga, akampa Filister, akamwambia mfuko wa yule msichana wa Migori ndio huu, na kama watu wa kwao hawali omena, basi ampe jirani yake, mradi amwambie umetoka Takawiri.